Mtoto akirudi shuleni: kumuuliza, kukagua madaftari, au kumwacha akufundishe?

Nafundisha shule ya msingi hapa Tanzania, na swali ninaloulizwa zaidi na wazazi siku ya kikao ni hili: "Mwalimu, nikiwa naye nyumbani nifanyeje?" Wengi wao tayari wanafanya kitu. Kuna anayekagua madaftari kila jioni, kuna anayeuliza swali moja wakati wa kula, kuna anayekaa na mtoto mpaka kazi iishe, na kuna aliyekata tamaa akalipia tuisheni kwa sababu yeye mwenyewe aliishia darasa la saba na anaona hana la kusema. Huyu wa mwisho ndiye ninayemwandikia kuliko wote.

Nitazilinganisha njia hizi kwa kile zinachodai kwa mzazi, umri zinaoufaa, na mahali zinapoharibikia. Msimamo wangu nausema mapema. Kama mtoto wako yuko darasa la tatu hadi la saba na una dakika kumi tu kwa siku, mwache akufundishe alichofundishwa. Kwa darasa la kwanza na la pili jibu langu ni jingine, na kwa sekondari ni jingine tena.

| Njia | Muda | Mzazi anahitaji nini | Inamfaa nani | Inaharibikia wapi |
|---|---|---|---|---|
| Kuuliza "leo mmesoma nini?" | Dakika mbili | Kuwepo tu | Wote, lakini kwa juu juu | Jibu la neno moja |
| Kukagua madaftari | Nusu saa, mara moja kwa wiki | Kujua kusoma | Darasa la tatu na kuendelea | Inageuka kesi |
| Kusimamia kazi za nyumbani | Hata saa nzima | Kujua somo na kuwa na subira | Wachache | Mzazi anaifanya yeye |
| Mtoto kumfundisha mzazi | Dakika kumi | Kusikiliza na kuuliza | Darasa la tatu hadi la saba | Mtoto anakariri tu |
| Kuzungumza katikati ya shughuli | Hauongezeki | Kumshirikisha mtoto kazi | Darasa la kwanza na la pili, hata wakubwa | Kusahau |

"Leo mmesoma nini?"

Ndilo swali la kila nyumba, na nia yake ni njema. Tatizo ni ukubwa wake. Mtoto ametoka shule mchana, amecheza, amechota maji, ametumwa dukani, halafu saa moja jioni anatakiwa aikusanye siku nzima kwa mkupuo. Anajibu "Hisabati", au "tumesoma", au "hamna kitu". Mzazi anadhani mtoto ni mvivu wa kusema, kumbe hajui aanzie wapi.

Swali likipunguzwa, mtoto anafunguka. Muulize nani aliitwa ubaoni leo na aliandika nini. Muulize ni kitu gani mwalimu alikirudia mara nyingi. Ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Swali gani leo wengi wamelikosa?" Hapo mtoto anasimulia makosa ya darasa zima bila aibu, na ukimsikiliza vizuri utajua kama na yeye alikuwa miongoni mwao.

Ndugu yake swali hili ni "Umekuwa wa ngapi?", linalokuja mwisho wa muhula. Namba haikwambii mtoto anajua nini. Aliyekuwa wa tano katika darasa ambalo wengi hawajui kugawanya anaweza kuwa na yeye hajui kugawanya. Kama ni lazima uulize namba, fuatishia palepale: "Haya, lete karatasi ya Hisabati tuone ulipokosa." Karatasi ya mtihani iliyosahihishwa ina mazungumzo ya wiki nzima ndani yake, na nyumba nyingi huishia kusoma alama iliyoandikwa juu kwa wino mwekundu.

Kukagua madaftari

Njia hii ina nguvu moja ambayo nyingine hazina: inakuonyesha kilichotokea kweli. Ukiona somo la Sayansi liliandikwa mara ya mwisho wiki tatu zilizopita, kuna jambo. Ama mwalimu hakuwepo, ama mtoto hakuwepo, ama lipo daftari jingine ambalo hujaonyeshwa. Ukiona hesabu za kutoa kwa kuchukua zimekosewa zote kwa mtindo uleule, umeshajua mtoto amekwama wapi kabla hata ya mwalimu kukuita.

Lakini daftari zuri linadanganya. Mwanafunzi mwenye mwandiko safi anaweza kunakili ubao mzima, neno kwa neno, na asielewe hata sentensi moja. Kinyume chake pia kipo. Daftari ambalo halijasahihishwa si lazima liwe ushahidi wa mwalimu mzembe. Mwongozo wa serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na madarasa mengi ya mjini yamepita hapo mbali. Mwenye wanafunzi 90 na vipindi mfululizo hasahihishi kila daftari kila siku, hata akitaka.

Hatari kubwa ni pale ukaguzi unapokuwa kesi. Nimeona madaftari yaliyonyofolewa kurasa. Daftari letu la kawaida limebanwa pini katikati, kwa hiyo ukichana karatasi ya mbele, mwenzake wa nyuma hulegea na mwishowe hudondoka. Mzazi mjanja huanza kuhesabu kurasa. Akifika hapo ameshachelewa, kwa sababu mtoto anayechana karatasi yenye makosa ameshajifunza kwamba makosa hayasemwi nyumbani kwao. Na kosa ndilo lililokuwa jambo lenye faida zaidi kulizungumza. Kama kukosa hesabu kunaleta kiboko, usitegemee kuambiwa chochote mpaka siku ya matokeo.

Kwa hiyo ukichagua njia hii, kagua mara moja kwa wiki, Jumamosi au Jumapili, mtoto akiwa amekaa pembeni yako na yeye ndiye anayefungua kurasa. Anza na alipopata vema, umuulize alifanyaje. Kisha chagua kosa moja tu, mlitazame pamoja. Mengine yaache.

Kusimamia kazi za nyumbani

Hapa najua nitapingana na wengi, kwa sababu kukaa na mtoto mpaka amalize kunaonekana kuwa ndiyo malezi yenyewe. Ushahidi hauko upande huo kama tunavyodhani. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Hill na Diana Tyson, walikusanya tafiti 50 kuhusu wazazi na watoto wa umri wa kati ya utoto na ujana. Katika aina zote za ushiriki wa mzazi, kusaidia kazi za nyumbani ndiko kulikokosa uhusiano mzuri na ufaulu. Kilichoongoza ni mazungumzo kuhusu thamani ya elimu, matarajio ya mzazi na mipango ya mbele. Sehemu ya sababu ni rahisi kuiona: mara nyingi anayesaidiwa kila siku ni yule ambaye tayari amekwama. Lakini ipo na sababu ya pili. Msaada wa jioni, mzazi akiwa amechoka, hugeuka haraka kuwa mzazi anashika penseli.

Utafiti mwingine, wa 2015, ulioongozwa na Erin Maloney, uliwafuatilia watoto wa darasa la kwanza na la pili. Wazazi wanaoogopa hesabu walipowasaidia watoto wao mara kwa mara, watoto hao walijifunza hesabu chache kuliko wenzao katika mwaka ule, na wakaanza kuziogopa wenyewe. Kwenye kusoma hali hiyo haikuonekana. Kama wewe ni yule anayesema mbele ya mtoto "hata mimi hesabu zilinishinda", basi kazi ya Hisabati mwachie aifanye mwenyewe, na wewe chukua njia inayofuata.

Liko pia tatizo la njia mbili. Mzazi anafundisha kugawanya alivyofundishwa yeye, mwalimu kafundisha kwa hatua nyingine, na mtoto anabaki katikati hajui amtii nani. Jibu zuri ni "nionyeshe mwalimu alivyofanya", hata kama njia yako ni fupi.

Jirani zetu Kenya wamelipitia jambo hili kwa ukali zaidi. Mtaala wa umilisi, ule unaoitwa CBC, ulioanza rasmi madarasa ya chini mwaka 2019, unamtaka mzazi awe mshiriki, na manung'uniko yalikuwa mengi kuhusu kazi zinazomlazimu mzazi kutafuta vifaa, kupiga picha na kuchapisha. Kazi inayofanywa na mzazi usiku wa manane haimfundishi mtoto. Kazi ya mtoto ikikuhitaji wewe zaidi kuliko yeye, mwandikie mwalimu hivyo, kwa heshima, kwenye daftari. Wengi wetu tunashukuru kuambiwa.

Kinachobaki kwenye njia hii, na nakipenda, ni kukaa karibu. Mtoto anafanya yake, wewe unachambua mchele au unapiga hesabu zako za duka, kwenye meza moja au mkeka mmoja. Akikwama, msomeshe swali kwa sauti. Mara nyingi akilisoma kwa sauti anagundua mwenyewe alichoruka.

Mtoto akufundishe

Mama mmoja wa mwanafunzi wangu wa darasa la nne ni mama lishe. Jioni huanza kuandaa vitu vya kesho, na mtoto hukaa kwenye kigoda jikoni. Siku tuliyosoma mzunguko wa maji, alimwambia mwanawe amfundishe, na alinisimulia mazungumzo yao hivi:

"Mama, mvua inatoka mawinguni."

"Na maji yamefikaje huko juu?"

"Yamepaa. Jua linayapasha moto, yanakuwa mvuke, mvuke unapaa."

"Mbona siyaoni yakipaa?"

Mtoto akanyamaza. Mama akafunua sufuria ya maharage, akaugeuza mfuniko. Matone yamejipanga upande wa ndani, mengine yanateleza kuelekea ukingoni.

"Haya yametoka wapi?"

"Ndani ya sufuria."

"Nani kayapandisha?"

"Moto. Mvuke umepanda, umegonga mfuniko, umekuwa maji tena."

"Haya mwalimu. Sasa huko angani mfuniko uko wapi?"

Hakujua. Mama naye hakujua, na akasema hajui. Akamwambia, "Kesho kamuulize mwalimu, halafu uje unifundishe." Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua kitabu, mkono ulikuwa juu: "Mwalimu, mvuke ukifika juu unagonga nini?" Nilikuwa nimefundisha kipindi kizima bila kulieleza hilo. Ikabidi tuanze upya darasa zima: hewa ya juu ni baridi, na mvuke hugeuka matone madogo sana juu ya chembe za vumbi zinazoelea. Mama yule aliishia darasa la saba miaka mingi iliyopita. Swali lake lilikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika kwenye andalio la somo.

Ndiyo maana naiweka njia hii juu. Haidai mzazi ajue somo; inadai mzazi atake kuelewa. Mtoto anayeeleza hawezi kujificha nyuma ya mwandiko mzuri. Akifika asipopajua anasimama, na wote wawili mnapaona.

Na kukumbuka kwa kusema kunajenga kuliko kusoma tena na tena. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika linachokikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka kama asilimia 40, na waliojaribu kukumbuka kama asilimia 61. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, lakini darasani kwangu naona jambo lilelile kwa watoto wa miaka kumi: aliyeeleza nyumbani jana anakumbuka wiki ijayo.

Mzazi anahitaji maneno machache tu. "Kwa nini?" "Nipe mfano." "Hapo sijaelewa, rudia." Hili la mwisho lisemwe kwa ukweli. Usijifanye hujui unachokijua, watoto wanalitambua hilo upesi na mchezo unakufa. Kama somo unalijua, sema, "Najua kidogo, lakini sisi tulifundishwa zamani, nataka kusikia nyinyi mnafundishwaje."

Kasoro zake zipo. Ya kwanza ni mtoto anayekariri: anatoa maelezo ya kitabuni bila kupumua, na mzazi anafurahi. Mkatishe kwa upole, mwombe mfano wa hapa nyumbani. Aliyekariri atakwama. Ya pili ni mtoto kufundisha kitu cha uongo na wewe usijue. Hili linawatia wazazi wasiwasi kuliko inavyostahili. Kitabu kipo: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, bure, na vinafunguka hata kwenye simu. Na pasipo simu, mwalimu yupo kesho. Ya tatu ni uchovu. Mtoto anayesinzia hafundishi mtu. Siku hiyo mwache alale.

Kuzungumza katikati ya shughuli

Kwa mtoto wa darasa la kwanza na la pili, hii ndiyo ya kwanza. Umri huo kazi ya shule ni kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK ambazo mtaala wa mwaka 2015 uliamua kuzipa karibu muda wote wa madarasa hayo mawili. Haikuwa bila sababu. Tangu watafiti wa mpango wa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakiwapima watoto, walikuta wengi walio darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mtoto wa umri huu ukimwambia "nifundishe", ataimba silabi. Mpe kitu cha kusoma na cha kuhesabu katika maisha yenyewe.

Maandishi ya kusoma yapo kila mahali: ubavuni mwa daladala, kwenye mfuko wa unga, kwenye mabango ya maduka. Hata kanga uliyojifunga ina sentensi nzima. Mwambie aitafute herufi anayoijua, kesho silabi, mwezi ujao asome yote, kisha muulize unafikiri maana yake nini. Ukipata kitabu cha hadithi, usikisome mfululizo kama taarifa ya habari. Simama, muulize sungura atafanya nini sasa, na akijibu kwa neno moja wewe lirefushe liwe sentensi. Mtafiti wa Marekani, Grover Whitehurst, aliwafundisha wazazi namna hii ya kusoma mwaka 1988, na baada ya mwezi mmoja tu watoto wao walikuwa wamewaacha wenzao kwa miezi kadhaa katika uwezo wa kujieleza. Walikuwa wadogo kuliko wa darasa la kwanza, kwa hiyo hata aliye chekechea usimwache nje.

Kwenye kuhesabu, soko linatosha. Mafungu matatu ya nyanya, kila fungu shilingi 500, tumetoa noti ya 5,000, turudishiwe ngapi? Mwache ahesabu kabla muuzaji hajafungua mkoba. Akikosa, mhesabu pamoja chenji ikiwa mkononi.

Usidhani hii ni ya wadogo pekee. Mtoto wa darasa la tano anayesumbuliwa na hesabu za sehemu, kama nusu na robo, mpeleke dukani. Tuseme sukari kilo ni shilingi 3,000, na robo kilo mwenye duka anaiuza 800. Muulize robo ilipaswa kuwa bei gani. Atapata 750. Kisha muulize, anayenunua robo mara nne analipa ngapi? Atapata 3,200, na hapo mazungumzo yatatoka kwenye sehemu yaende kwenye kwa nini watu wananunua robo wakati kilo ni nafuu. Nimewaona watoto waliokuwa wanaogopa sehemu wakibishana juu ya hili njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo sasa liko kwenye mtaala wa msingi, mwalimu bora anaweza kuwa bibi au babu. Muulizeni alikuwa wapi wakati wa vijiji vya ujamaa, redio ilisema nini wakati wa vita vya Kagera mwaka 1978, watu walipangaje foleni kwenye maduka ya kaya. Wapo bibi waliojifunzia kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na wanaokumbuka vikundi vya kusikiliza redio vya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambako watu walisikiliza kipindi kisha wakakijadili palepale. Mtoto aandike analolisikia, tarehe atazioanisha na kitabu.

Akifika sekondari

Hapa kukagua na kufundishwa vinapungua nguvu, kwa sababu masomo yanageuka Kiingereza na kijana hapendi tena kuulizwa kila kitu. Kumbuka kile Hill na Tyson walichokikuta mbele ya vingine vyote: mazungumzo kuhusu thamani ya elimu, matarajio na mipango ya mbele. "Soma uje uwe daktari" haitoshi, ni matumaini yasiyo na njia. Zungumzeni njia yenyewe: baada ya upimaji wa kidato cha pili kuna nini, tahasusi ipi (mchepuo wa masomo wa kidato cha tano) inadai masomo gani, vyuo vya ufundi vya VETA vinachukua watu wa aina gani, fundi umeme mliye naye mtaani alipitia wapi. Mpeleke akamuulize mwenyewe. Na useme wazi unatarajia nini kwake, bila kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Mzungumze kwa lugha gani?

Wazazi wenye watoto kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza huniambia wanalazimisha Kiingereza nyumbani ili mtoto asipotee. Kama Kiingereza chako kinatiririka, sawa. Kama hakitiririki, mazungumzo yatakuwa ya sentensi tatu na yatakufa. Ulichokielewa kwa lugha moja hakipotei ukihamia nyingine. Kinachobaki ni kujifunza maneno. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameeleza kwa miaka mingi jinsi wanafunzi wetu wa sekondari wanavyoshindwa kuelewa masomo kwa sababu ya lugha ya kufundishia. Mtoto huyo akikueleza kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma au Kihaya kama ndiyo lugha ya nyumbani, kile alichokisikia kwa Kiingereza, anaifanya kazi ambayo darasani hakupata nafasi ya kuifanya.

Sasa chagua

Unarudi saa tatu usiku na mtoto kalala: chukua asubuhi. Dakika za kutembea kwenda kituoni zinatosha somo moja la jana. Weka na ukaguzi wa madaftari wa mwisho wa wiki, maana huna namna nyingine ya kuona.

Hujui kusoma: usiguse njia ya pili na ya tatu, wala usizionee uchungu. Kufundishwa na mtoto na kuzungumza katikati ya shughuli ni njia zako kamili. Kuna faida hata ya ziada, mtoto akijua kweli hulijui jibu, anaeleza kwa bidii zaidi.

Uko mbali, Muscat au Dubai au mkoa mwingine, na mnaonana kwa simu: acha "unasoma vizuri?" kwa sababu jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Mwambie aandae kitu kimoja cha kukufundisha kila mnapopigiana. Akikuonyesha mchoro wa moyo kwenye kamera na kueleza damu inapita wapi, mmeongea kuliko salamu za mwezi.

Una pesa ya tuisheni: kabla ya kulipa, jaribu kufundishwa kwa muhula mmoja. Ukigundua mtoto anakwama mahali palepale kila siku, basi sasa unajua tuisheni ya nini, na utamwambia mwalimu wa tuisheni aanzie hapo hasa badala ya kurudia kila kitu.

Una watoto wengi wa madarasa tofauti: usijigawe. Wa darasa la sita amfundishe wa darasa la tatu mbele yako, wewe ukisikiliza na kuuliza "kwa nini?" kwa niaba ya mdogo. Mkubwa akishindwa kueleza kitu cha darasa la tatu, usimcheke mbele ya mdogo wake. Kiandike pembeni, na Jumamosi mkiwa wawili mrudi hapo.